Safari ya Bunkeya na watoto wadogo



Vakansi kubwa zimefika. Watoto wako nyumbani tangu asubuhi, na katika kikundi swali ni lile lile: tuwapeleke wapi? Zoo wameiona. Kipopo wamekwenda kula samaki. Wiki hii tunawaletea mahali pengine, mbali kidogo lakini panapofaa: Bunkeya, mji wa zamani wa Mwami Msiri. Tulikwenda huko mwaka jana katika mwezi wa nane, watu 6 ndani ya gari moja: baba ya watoto, nkambo wao, sisi wenyewe, na watoto 3 wa miaka 9, 6 na 3.

Tutaongea juu ya njia na chakula, maana mama akisafiri na mtoto wa miaka 3 hayo ndiyo ya kwanza. Lakini shida kubwa ya safari hii haikuwa njia. Bunkeya ni mahali penye utukufu na penye damu, na mtoto anauliza bila kuogopa mtu. Mama anapaswa kujua atajibu nini kabla hajapanda gari.

Njia

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120, barabara ya lami, na peage ya kulipa. Malori ya mukuba ni mengi na yanakimbia, kwa hiyo ondokeni asubuhi mapema na msitembee usiku hata kidogo. Kutoka Likasi Bunkeya iko upande wa kaskazini. Mnaingia jimbo la Lualaba, teritware ya Lubudi, na lami haiwafikishi mpaka mwisho: kipande cha mwisho ni udongo. Kwa hiyo chagueni kiangazi. Sherehe kubwa ya Bunkeya hufanywa tarehe 20 ya mwezi wa 12, siku ya kukumbuka kifo cha Msiri, na watu wengi wanakwenda. Ni sherehe nzuri, lakini huo ni wakati wa mvua, na mtoto mdogo kukaa ndani ya gari lililokwama katika matope ni taabu. Watoto wakikua, mtakwenda Desemba.

Sisi tulikata safari mara mbili. Tulilala Likasi kwa jamaa, watoto wakacheza, wakaoga, wakalala vizuri. Kesho yake waliamka na nguvu. Kama tungekwenda mbio siku moja, tungefika na watoto wanaolia, na mtoto anayelia hasikii hadithi ya mfalme hata mmoja.

Ndani ya gari tuliweka bidoni 2 za maji yaliyochemshwa, kalanga za kukaanga, mikate, ndizi, mayai ya kuchemsha, na bukari ya asubuhi iliyofungwa vizuri pamoja na sombe. Chandarua lazima, hata kama ni kiangazi, na dawa ya homa ambayo kituo cha afya kiliwahi kuwapa watoto, pamoja na kadi zao za chanjo. Vikwembe 3: cha kubebea mtoto, cha kutandika chini, cha kufunika usiku, maana mwezi wa nane baridi ya asubuhi bado iko. Na kofia, kwa sababu mchana jua la uwanda halina kivuli.

Bunkeya ni nini

Waambieni watoto hili kwanza, maana linawashangaza: Bunkeya ni mkubwa kwa umri kuliko Lubumbashi. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Wakati huo Bunkeya ilikuwa imekwisha kuwa mji mkuu, imekwisha kuvunjika, na mfalme wake alikuwa amekufa miaka karibu 20.

Msiri alizaliwa mbali, upande wa Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyekuja huku kutafuta mukuba. Mwana akafuata njia ya baba, akaja na watu wake, na karibu mwaka 1856 akakaa moja kwa moja. Hapa palikuwa na machifu wenye nchi: Katanga, ambaye jina lake tunalibeba mpaka leo, na Mpande wa Basanga. Walimpokea mgeni, wakasaidiana naye. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Bayeke walijua kuwachanja watu ili ndui isiwaue, na kwamba jambo hilo liliwafanya wapendwe. Wamama mnaopeleka watoto kwenye chanjo, mtaelewa kwa nini.

Polepole mgeni akawa mkubwa kuliko wenyeji. Ufalme wake uliitwa Garenganze. Kutoka Bunkeya misafara ilikwenda magharibi mpaka bahari ya Angola, na mashariki mpaka pwani ya Waswahili. Ilibeba mukuba, pembe za ndovu, chumvi, na watu. Ilirudi na bunduki, baruti, vitambaa na shanga. Lugha hii tunayoongea nyumbani ilipita katika njia hizo kabla ya reli na kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906.

Na wanawake? Msiri alioa wake wengi sana, kutoka kwa machifu wa kila upande. Wengi wao hawakukaa jikoni tu. Aliwapa vijiji vya kuangalia, wakawa macho na masikio yake. Mmoja aliitwa Maria da Fonseca, aliyetoka upande wa Angola, na ndoa yake ilifunga urafiki na wafanyabiashara wa huko. Binti yetu wa miaka 6 alipenda sana kusikia kwamba kulikuwa na wanawake waliotawala vijiji. Aliuliza kama mama naye anaweza. Nkambo akamjibu: "Mama yako anatawala kijiji chenye watu 6, na hakimshindi."

Maswali 3

Tulifika Bunkeya karibu na saa sita mchana. Uwanda ni mkubwa, na vilima vinaonekana mbali. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kwenda kusalimia. Bunkeya siyo magofu yasiyo na mtu. Ni kijiji chenye watu wake na Mwami wake. Ukoo wa Msiri haukukatika. Huwezi kufika na simu mkononi ukaanza kupiga picha. Mnatuma mtu mbele, mnasema mmetoka wapi na mnataka nini, mnachukua zawadi kadiri ya uwezo wenu, mnangoja. Tuliwafundisha watoto njiani: kuinama, kupiga makofi polepole, kunyamaza mkubwa anapoongea. Wa miaka 3 alipiga makofi mpaka watu wakacheka. Hiyo nayo ilikuwa salamu.

Baadaye mzee mmoja alikaa nasi chini ya mti akaanza kusimulia. Hapo maswali yakaanza.

Swali la kwanza lilitoka kwa mkubwa: "Nani alimuua?" Hapo tulikuwa tayari, na tulijibu kwa maneno machache ya kweli. Mwaka 1891 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitaka nchi hii kwa sababu ya mukuba. Waingereza nao waliitaka. Mjumbe wao Alfred Sharpe alikuja mwaka 1890 na Msiri alimkatalia. Ndipo msafara wa Kapteni Stairs, kwa ajili ya Leopold, ukafika Bunkeya katikati ya mwezi wa 12. Msiri alikataa kutawaliwa na bendera ya wengine. Tarehe 20 Mbelgiji mmoja, Kapteni Bodson, alimpiga risasi, na yeye mwenyewe akapigwa, akafa siku hiyo hiyo.

Tuliongeza jambo moja ambalo watoto hawaambiwi mara nyingi. Wazungu wa msafara ule walikuwa wachache sana, hawazidi vidole vya mkono mmoja. Watu waliobaki, zaidi ya 300, walikuwa Waafrika, wengi wao waliochukuliwa Zanzibar na pwani, waliobeba mizigo na bunduki na kuongea Kiswahili. Njaa ilikuwa kali Bunkeya wakati ule, na wengi wa wapagazi hao walikufa kwa njaa na magonjwa. Mtoto wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe hata bao walikuwa na mama yabo." Hatukuongeza neno.

Swali la pili lilitoka kwa wa miaka 6, na ndilo tuliloogopa: "Nkambo, kichwa yake iko wapi?" Maana alikuwa amesikia wakubwa wakisema kwamba Wazungu walimkata Mwami kichwa. Ni kweli. Walikikata, wakakisimamisha juu ili watu waone na waogope. Hadithi juu ya kichwa kile ni nyingi, na kila moja inakipeleka mahali pengine. Mwili wa mfalme ulizikwa bila kichwa.

Je, mtoto wa miaka 6 aambiwe hayo? Tumeongea juu ya swali hili na wamama wengi tangu turudi. Wengine wanasema hapana, ataota usiku. Sisi tunaona hivi: kama amekwisha kusikia, usimwambie kwamba si kweli. Atajua kwamba ulimdanganya, na siku nyingine atauliza barabarani. Mjibu swali aliloliuliza tu, kwa sentensi 2, kisha ngoja. Nkambo alimwambia: "Walimutendea vibaya, mwana wangu. Watu wake wanalia juu ya ile mpaka leo, ndiyo sababu kila mwaka wanamukumbuka." Mtoto akauliza kama kuna mahali pa kuweka maua. Hakuuliza habari za kisu wala damu. Mara nyingi ni sisi wakubwa tunaotaka kueleza zaidi kuliko mtoto anavyotaka kujua.

Kuna mambo ambayo hatukuyasema kabisa mbele ya wadogo. Maria da Fonseca, baada ya kifo cha mfalme, naye aliuawa, akishtakiwa usaliti. Hilo mkubwa atalipata akifika sekondari. Kukawia kusema si kudanganya.

Swali la tatu lilikuwa gumu kuliko yote, na lilitoka tena kwa mkubwa, usiku, chini ya chandarua: "Mwami aliuza watu kweli?"

Hapo ndipo mama wengi wanageuza maneno. Ni rahisi kumpa mtoto shujaa aliyesimama mbele ya Wazungu, na Msiri alisimama kweli. Lakini misafara yake ilibeba watumwa, na adhabu zake ziliwatisha watu. Basanga, walewale ambao machifu wao walimpokea, walikuwa wamekwisha kumwasi kabla Stairs hajafika. Nyumbani mwetu neno hili si la kitabu tu: ukoo wa baba ya watoto ni Bayeke, na mama yetu mzazi ni Musanga. Tukisema Msiri alikuwa mzuri tu, tunamfunga mdomo nkambo mmoja. Tukisema alikuwa mbaya tu, tunamfunga mwingine. Na mtoto anabeba damu ya wote wawili.

Tulimjibu: "Ndiyo, aliuza watu. Wakati ule wafalme wengi walifanya hivyo, na ilikuwa vibaya kwa wale waliouzwa. Alikuwa pia mtu mwenye akili aliyejenga mji mkubwa na kukataa kuuza nchi yake. Yote mawili ni kweli." Akauliza: "Sasa mimi nimupende ao nisimupende?" Tukamwambia hatumlazimishi kuchagua. Alilala.

Kwa nini hili ni neno la nyumbani

Wengine watasema: haya ni mambo ya zamani, tuwaache watoto wacheze. Lakini watoto wetu wanacheza na maneno haya kila siku bila kujua. Miezi michache kabla ya safari, mkubwa wetu alirudi kutoka masomo na neno jipya. Alimwambia mtoto wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka Kasai: "Wewe si wa hapa." Alilisema kama mchezo. Mama wa mtoto yule alilisikia, akafunga mlango polepole. Mnajua mlango wa namna hiyo.

Tulipopita Likasi, nkambo aliomba gari lisimame karibu na gare. Aliwaambia watoto kwamba katika mwaka 1992 jamaa nyingi za Wakasai zilifukuzwa katika nyumba zao, zikalala pale na watoto wao, juma baada ya juma, zikingoja gari la moshi. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Watoto wengine walikufa wakingoja. Nkambo alikuwa akipeleka uji. Hakutoa mahubiri. Alisema tu: "Neno lilianza mdomoni."

Kisha Bunkeya, mzee aliposimulia kwamba Msiri alitoka Unyamwezi, mkubwa wetu alifungua macho: "Kumbe hata mufalme alikuwa mugeni?" Ndiyo. Na Kiswahili chetu ni mgeni. Na reli, na migini, na watu waliokuja kuchimba mukuba kutoka Kasai, Rwanda, Zambia na pande zote, walikuja. Mji wa Lubumbashi umejengwa na waliokuja pamoja na waliokuwapo. Mgeni anaweza kupokelewa na kuleta dawa ya ndui. Mgeni anaweza pia kuwa mkubwa na kuwaonea waliompokea. Na mwenyeji anaweza kumfukuza jirani aliyezaliwa naye mtaa mmoja. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuelewa hayo yote, kama tunamwambia kwa maneno yake.

Siku ya Mungu baada ya kurudi, alichukua kalanga zilizobaki akazipeleka kwa jirani. Hatukumtuma. Mlango ulifunguliwa.

Kwa wanaotaka kwenda

Msiende jamaa moja moja kama mfuko hauruhusu. Jamaa 3 au 4 zikikodi gari moja, bei inagawanyika. Kikundi kinaweza kuweka likelemba ya safari: kidogo kila wiki tangu mwezi wa kwanza, na kufika mwezi wa saba fedha iko. Ulizeni bei ya gari kwa madereva wawili watatu kabla ya kukubali, na chagueni dereva aliyekwisha kufika Bunkeya, maana njia ya udongo inabadilika kila mwaka baada ya mvua.

Chukueni mkubwa mmoja wa ziada kwa kila watoto 3. Mzee akisimulia, mmoja anakaa na watoto wakubwa kusikiliza, mwingine anatembea na wadogo. Mtoto wa miaka 3 anasikiliza dakika 10, si zaidi. Akitaka kufuata kuku, aende afuate kuku. Atakachokumbuka ni kuku, na jina Bunkeya litakaa karibu na kuku huyo mpaka siku ya kuelewa.

Watoto wasiende mtoni peke yao. Maji ya kunywa ni ya bidoni tu. Na taka zenu mrudi nazo.

Kwa wasioweza kwenda mwaka huu

Tunajua kwamba wengi wetu hatuna fedha ya gari. Basi anzeni hapa mjini. Nendeni Muzé ya Lubumbashi, mwaonyeshe watoto misalaba ya mukuba, ile ambayo wazee waliyeyusha na kutumia kama fedha kabla ya franka. Kisha kaeni na nkambo yeyote wa mtaa, jioni moja, mkimpikia kitu anachopenda. Mwachie kila mtoto aulize maswali 2: ulitoka wapi, na nani alikupokea ulipofika? Mtashangaa namna nyumba za mtaa mmoja zilivyotoka mbali, na majina ya wale waliowafungulia mlango siku ya kwanza.

Siku ya posho ijayo, katika mkutano wa kikundi, leteni majibu hayo. Mama mwenye daftari ataandika. Na wale wanaotaka kuingia katika likelemba ya Bunkeya waje na mchango wa kwanza.